TIE Fighter, X-Wing Alliance au Squadrons: upi ununue kwanza ukiwa Uganda

Kama una laptopu ya kawaida, shilingi elfu arobaini na hamu ya kurusha vyombo vya Star Wars, zile filamu za vita vya angani, nunua TIE Fighter, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1994. Nalisema hili mapema ili anayetaka jibu tu asipotezewe muda. Anayetaka sababu abaki, kwa sababu kuna hali ambazo jibu langu linageuka, na huenda yako ikawa mojawapo.

Ninalinganisha michezo mitatu ya Star Wars, na mwishoni nitagusia wa nne, wa bure, uliotokana na tamthilia ya televisheni ya Battlestar Galactica. Yote ni ya kuketi ndani ya chombo cha kivita, macho kwenye rada, mkono kwenye usukani. Hakuna kukimbia kwa miguu. TIE Fighter na X-Wing Alliance ni kazi ya Totally Games, kampuni ya Lawrence Holland, na ilitolewa na LucasArts, wa kwanza mwaka 1994 na wa pili mwaka 1999. Squadrons ni mgeni: ulitengenezwa na Motive ya Montreal, Kanada, ukatolewa na kampuni ya EA tarehe 2 Oktoba 2020. Kabla ya yote kulikuwa na X-Wing ya 1993, iliyoanzisha ukoo huu. Nauheshimu, lakini ni mgumu mno kwa anayeanza. Kuna pia X-Wing vs. TIE Fighter ya 1997, uliojengwa hasa kwa watu kupigana wao kwa wao mtandaoni. Ukicheza peke yako utachoka nao mapema, basi naupita.

Kazi ya rubani

Wengi wanadhani michezo hii ni ya kulenga na kufyatua. Kulenga ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kugawa nguvu. Chombo chako kina nguvu ya kiasi fulani, na nguvu hiyo inagombaniwa na leza, ngao na injini. Ukiipeleka kwenye leza, unapiga kwa muda mrefu zaidi lakini mwendo unapungua. Ukiirudisha kwenye injini, unamfikia adui ukiwa na bunduki tupu. Rubani mzuri hubadilisha mgawo huu kila mara, kabla hajalazimishwa na hatari.

TIE Fighter unaufundisha ugawaji huu kwa subira ambayo sijaiona kwingine. Unaanza na TIE ya kawaida, chombo chepesi kisicho na ngao hata kidogo. Hapo huna la kugawa ila leza na mwendo, kwa kibonye cha F9, na somo lako la kwanza ni kutopigwa. Baadaye unapewa Assault Gunboat, yenye ngao, na F10 inaingia kazini. Unapofika kwenye TIE Advanced na TIE Defender, vidole vyako tayari vinajua la kufanya, na ndipo unapotambua umefundishwa muda wote huo bila kuhubiriwa.

Squadrons una mgawo uleule wa sehemu tatu, ila kwa kasi nyingine kabisa. Kibonye kimoja kinatupa nguvu yote kwenye injini, kingine kwenye leza, kingine kwenye ngao. Ukijaza injini hadi mwisho unapata msukumo wa ghafla, na ukiukata huo msukumo katikati ya kona, chombo kinateleza ubavu huku pua ikielekea upande mwingine. Ni jambo tamu sana likikaa mkononi. Vyombo vingi vya Dola, yaani utawala wa mabavu katika Star Wars, navyo havina ngao, kwa hiyo marubani wake huhamisha nguvu ya dharura kati ya leza na injini. Uamuzi ambao kwenye TIE Fighter unaupimia njia nzima ya kumwendea adui, kwenye Squadrons unaufanya ndani ya kufumba na kufumbua. Mchezaji mwenye vidole vyepesi ataupenda Squadrons. Mwenye kupenda kufikiri ataukuta umempita mbio.

Kisha kuna kazi zenyewe, na hapa ndipo TIE Fighter unaponiteka. Kazi ya kwanza ya vita vya kwanza si kupigana. Unatumwa kulinda kituo cha D-34 na kukagua kila chombo kinachoingia: ukikaribie, utambue kimebeba nini, ndipo kipite au kizuiwe. Mtu wa Malaba au Busia, aliyezoea kuona malori yamejipanga yakisubiri kukaguliwa, ataielewa kazi hii tangu dakika ya kwanza. Chombo cha mizigo kinaonekana cha amani hadi ukisogelee. Halafu kinatokea kimoja ambacho si cha amani, na wewe uko katika TIE isiyo na ngao. Juu ya malengo ya kawaida kuna malengo ya siri unayopewa na mtu mwenye kofia ya joho, mjumbe wa Mfalme wa Dola, na ukiyatimiza unapanda daraja katika chama cha siri. Toleo la CD-ROM la 1995 lilikusanya vita vyote 13, kila kimoja kikiwa na kazi kadhaa. Hiyo ni miezi ya kucheza kwa mtu mwenye shughuli zake.

Kampeni ya Squadrons ni fupi kuliko hiyo. Inakupitisha pande zote mbili, mara uko kikosi cha Vanguard cha Jamhuri Mpya, mara uko kikosi cha Titan cha Dola, baada ya vita vya Endor, vile vya mwisho wa filamu ya Return of the Jedi. Inapendeza macho kupita kiasi. Kati ya kazi na kazi unasimama kwenye karakana ukizungumza na wenzako wa kikosi, na mazungumzo hayo nayaona marefu kuliko thamani yake. Moyo wa mchezo huo uko kwingine, kwenye mapambano ya watano kwa watano, hasa vita vya meli kubwa ambapo kikosi chako kinapaswa kuvunja safu ya adui hatua kwa hatua hadi kwenye meli mama. Ukiununua kwa ajili ya kampeni pekee, umenunua nusu ya mchezo.

Mashine, umeme, na data

Squadrons unataka kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache, na kadi ya grafiki inayojitegemea. Laptopu nyingi za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika hapa Kampala hazina kadi hiyo. Muulize muuzaji swali hilo moja kabla hujatoa hela: ina kadi ya grafiki ya peke yake, au inategemea ya prosesa? Akianza kukusifia ukubwa wa diski ya kuhifadhia, jibu umelipata. Mwenye PS4 au Xbox One hana wasiwasi huu, kwani Squadrons unachezwa huko pia, na hiyo kwa kweli ndiyo njia rahisi zaidi ya kuupata kwa Mganda wa kawaida. PS4 zimejaa kwenye vibanda vya mpira, ingawa utalazimika kuwaomba walioshika FIFA wakupishe.

TIE Fighter ulitengenezwa kwa DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Leo unaununua GOG, duka la michezo la mtandaoni, umefungwa pamoja na programu ya DOSBox inayoufanya ukimbie kwenye Windows ya sasa, na kompyuta yoyote ya miaka kumi na tano iliyopita inatosha. Toleo la DOS linaingia kwenye CD moja, yaani chini ya megabaiti 700. Linganisha na Squadrons, unaokula makumi ya gigabaiti. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, uliochukua nafasi ya ile shilingi 200 ya kila siku ya mitandao ya kijamii. Kupakua Squadrons kwa bando la simu ni gharama inayoweza kukaribia bei ya mchezo wenyewe ukiwa kwenye punguzo. Tafuta waifai ya chuo au ya mahali pa kazi, kwa ruhusa, au ununue diski ya PS4.

Jambo jingine kuhusu GOG: michezo yake haina kufuli la mtandao. Unapakua faili la kusakinisha mara moja, unalihifadhi kwenye flashi yako, na tangu hapo huhitaji intaneti tena. Kwa anayeishi Adjumani au Kisoro, ambako mtandao unakuja na kuondoka, hilo lina uzito kuliko uzuri wa picha. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Mwenye TIE Fighter kwenye laptopu angeweza kucheza siku zote hizo. Squadrons unadai akaunti ya EA, na sehemu yake bora haipo bila mtandao.

Umeme nao una hukumu yake, na haielekei upande mmoja. TIE Fighter hauhifadhi katikati ya kazi: umeme ukikatika ukiwa umebakiza chombo kimoja cha adui, unarudia kazi yote. Kampeni ya Squadrons ina vituo vya kuendelea, kwa hiyo unapoteza kidogo. Lakini TIE Fighter unachezwa kwenye laptopu yenye betri, na Squadrons mara nyingi unachezwa kwenye kompyuta ya mezani au PS4 zinazozimika papo hapo. Ukikatikiwa katikati ya pambano la mtandaoni, wenzako wanne wanabaki pungufu. Kama unaishi mtaa wenye kukatikiwa mara kwa mara, weka UPS, betri ya akiba, kwanza, Squadrons baadaye.

Kucheza na watu walio mbali

Uganda haina pwani. Data yetu inasafiri kwa nyaya za fiba hadi Mombasa au pwani nyingine ya jirani, kisha inazama baharini kwenye nyaya kama SEACOM na EASSy, kwenda Ulaya au kusini mwa Afrika. Kwa umbali huo, kwenda na kurudi hadi seva ya Ulaya hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 100, hata ukiwa na fiba bora mjini Kampala. Kwenye mchezo ambao adui anateleza ubavu na kugeuka kwa mkupuo mmoja, kuchelewa huko unakuona: unapiga mahali alipokuwa, si alipo. Na Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja upande wa kusini, mtandao wa Afrika Mashariki nzima ulilegea.

Bado inawezekana, na wapo wanaofurahia. Chukua chombo ambacho hakitegemei kulenga kwa nukta. U-wing inatoa msaada na vifaa kwa wenzake, Y-wing inabeba mabomu kwa ajili ya meli kubwa, na meli kubwa haikukwepi. Epuka A-wing, chombo chepesi chenye kasi, hadi uizoee hali ya mtandao wako. Fahamu pia kwamba B-wing na TIE Defender ziliongezwa mwishoni mwa 2020, na tangu hapo hakujaletwa chombo kipya, na wachezaji wamepungua. Mchezo unaruhusu wa PC, PS4 na Xbox kukutana pamoja, na hilo linasaidia, lakini ukiingia saa ambayo Ulaya wamelala utasubiri.

Watu wawili, mashine moja

Hakuna hata mmoja kati ya michezo hii wenye Kiswahili. Kwa Squadrons hili si tatizo kubwa, kwani maelezo yanasemwa kwa sauti na maandishi yanapita chini. Kwa TIE Fighter ni jambo zito: maagizo na malengo ya kazi ni ya Kiingereza, na asiyeyaelewa hajui akague chombo kipi. Sisi tumezoea filamu za kibandani zenye VJ, anayeshika kipaza sauti na kuwaeleza watazamaji kila kinachotokea kwa lugha yao. Njia hiyo inafaa hapa, nami naipendekeza kwa moyo wote.

Cheza TIE Fighter wawili. Toleo la DOS linakubali kipanya, kwa hiyo mmoja anashika kipanya, anarusha na kupiga. Wa pili anakaa kwenye kibodi: anasoma maagizo kwa sauti na kuyageuza Kiswahili, anachagua shabaha kwa T na R, analinganisha mwendo na shabaha kwa Enter, na anagawa nguvu kwa F9 na F10. Anakuwa ofisa wa chombo. Mdogo wako atakuita, "Kaka, ngao!" na wewe hutakuwa na muda wa kujibu. Kwa nyumba yenye laptopu moja na watoto watatu, huu ndio mchezo unaowaweka wote mezani. Squadrons hauna nafasi hiyo. Ni mchezo wa mtu mmoja na skrini yake, au mtu mmoja na miwani ya VR, inayokuzungushia picha pande zote, na mwenye miwani hiyo kwenye PC au PS4 atapata kitu ambacho TIE Fighter hauwezi kumpa kamwe: kugeuza kichwa na kumwona adui akipita juu ya kioo.

Tahadhari ndogo: kwenye laptopu nyingi F9 na F10 zinabadilisha sauti au mwanga wa skrini. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uzirudishe ziwe vibonye vya kawaida, au ushike Fn kila mara, jambo litakalokuudhi katikati ya vita.

Na X-Wing Alliance?

Huu ni wa mwenye joystiki, yaani fimbo ya kurushia chombo. Hauanzi kabisa bila kifaa cha namna hiyo kuchomekwa, na hali ni hiyohiyo kwa toleo la 1998 la TIE Fighter, linalokuja kwenye kifurushi kilekile cha GOG pamoja na lile la DOS. Si lazima joystiki ya bei kubwa. Padi ya USB ya bei nafuu kutoka maduka ya vifaa vya kompyuta mjini huweza kutosha kuufungua mchezo, ingawa kurusha kwa fimbo halisi ni raha nyingine.

Hadithi yake ndiyo yenye utu kuliko zote tatu. Wewe ni Ace Azzameen, mtoto wa mwisho wa familia ya wafanyabiashara wa mizigo, na vita vinaingia nyumbani kwenu kupitia mashindano ya biashara kabla hujawa mwanajeshi. Unarusha vyombo vya mizigo vya familia kwanza, vyenye mizinga inayozunguka, na mwisho wa yote unashika usukani wa Millennium Falcon kwenye vita vya Endor. Familia yenye malori itaelewa uchungu wa kuporwa mzigo.

Faida nyingine ni kwamba mashabiki wameufanyia ukarabati mkubwa kwa mradi wa X-Wing Alliance Upgrade: maumbo mapya ya vyombo, mwanga mpya, hata VR. Juu yake umejengwa mradi wa bure unaoleta kazi zote za TIE Fighter kwa sura ya kisasa, na lazima uwe na X-Wing Alliance halali ili uutumie. Ni njia nzuri, ila inataka upakuaji mkubwa, muda wa kusakinisha kwa utaratibu, na mashine yenye nguvu kidogo. Usianze nayo. Na kwa wapenda muziki, jueni kwamba TIE Fighter ya DOS ina muziki unaobadilika kufuatana na vita: meli ya adui ikiingia, ala zinajua. Toleo la 1998 liliuondoa muundo huo na kuweka nyimbo zilizorekodiwa zinazojirudia. Picha zikawa bora, masikio yakapoteza. Mimi nabaki na la DOS.

Asiye na kadi ya benki

TIE Fighter na X-Wing Alliance kila mmoja ni dola 9.99 GOG bila punguzo, yaani kati ya shilingi 35,000 na 38,000 kwa viwango vya miaka hii. Squadrons ulitoka ukiwa dola 39.99, lakini kwenye punguzo hushuka hadi sehemu ndogo ya hiyo, kwa hiyo usiununue kwa bei kamili. Kuinunua mtandaoni kwa kawaida kunahitaji kadi ya Visa au Mastercard inayokubali malipo ya nje. Usikubali kuwekewa "michezo yote ya Star Wars" kwenye flashi dukani. Mafaili hayo ya wizi mara nyingi hubeba virusi, na virusi hao watakula kazi zako za shule kabla hujaruka.

Asiye na kadi kabisa achukue Diaspora: Shattered Armistice, uliotolewa na mashabiki wa Battlestar Galactica mwaka 2012. Ni wa bure na halali, na unajitegemea, ingawa umejengwa juu ya programu ya msingi ya FreeSpace 2, mchezo mwingine wa vyombo vya angani, ambayo msimbo wake uliachiwa umma mwaka 2002. Unarusha chombo cha kivita kiitwacho Viper, na unaweza kuzima msukumo, chombo kikaendelea kuteleza mbele huku wewe ukigeuka nyuma kumpiga anayekufukuza. Kampeni ni fupi. Upakue, uchezee kipanya au padi uliyo nayo, na ukifika mwisho ukiwa bado una hamu, tafuta ndugu mwenye kadi, umpe elfu arobaini taslimu, naye akununulie TIE Fighter kwenye akaunti utakayoifungua kwa jina lako mwenyewe. Kisha fanya mazoezi ya simyuleta yaliyomo ndani ya mchezo kwa kila chombo kabla ya kuingia D-34, na uweke kiwango cha rahisi. Unaweza kukipandisha baadaye bila kupoteza vyeo vyako.